Sajini Alivyotembea na Viatu Hadi Kanduyi

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye njiani au tukitoka kanisani ananiuliza habari ya yule farasi. Wengine mlimwona siku tuliyoingia naye amevaa viatu, mkacheka, kisha mkaniona usoni mkanyamaza. Nikianza kueleza kwa mdomo nafika mahali sauti inakwisha. Basi nimeandika. Shule niliachia darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia. Nitaeleza njia ilivyokuwa, na pale nisipojua sitajaza.

Mnajua kwamba binti yangu Nanjala alikufa kwa ugonjwa wa mapafu na akazikwa kwa mumewe, Kariuki, karibu na Kiminini. Msilolijua ni kwamba siku zake za mwisho, hospitalini Kitale, hakuzungumza sana juu yetu. Alizungumza juu ya farasi, jina lake Sajini. Aliajiriwa zamani kumtunza katika shamba moja nje ya mji, na mwenye shamba alipohama akamwachia. Sikukuu zikifika Nanjala alimpeleka mjini, watoto wanapandishwa mgongoni, mzazi anapiga picha, mtoto anacheka au analia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Aliniambia, "Mama, wakilima lile shamba Sajini hana pa kukaa. Watampeleka kwa wachinjaji. Mchukue. Nyumbani kuna bonde, kuna nyasi, udongo ni laini. Hapa mawe yanammaliza."

Nikamjibu nitamchukua. Hakuniomba kitu kingine tena.

Ni lazima mjue shida ya miguu yake. Sajini aliwahi kuvunja ghala akala mahindi mpaka akashindwa kusimama. Alipona, lakini kwato za mbele hazikurudi kuwa kama zamani. Chini palibaki pembamba. Akikanyaga kokoto alishtuka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Viatu vya chuma havikushika, maana ukwato ulimeguka kila ukipigiliwa msumari. Kwa hiyo alikuwa na jozi ya viatu vya kuvaa na kuvua, vya miguu ya mbele tu. Chini ni mpira mgumu wenye meno, juu kitambaa kizito, na mikanda ya kunata inayozunguka juu ya kisigino. Akivaa hivyo alitembea kama farasi mwingine yeyote. Akivuliwa alisimama palepale akingoja.

Kitale hadi Kiminini

Habari ya vibali vya kusafirisha mnyama sitaieleza. Tulivipata.

Tulitaka lori. Lori lilikuja, mbao za kupandia zikawekwa, na Sajini akakataa. Watu wa lori walimvuta mbele na kumsukuma nyuma. Aliinuka kwa miguu miwili, akaanguka kwa magoti, akabaki pale chini anahema. Dereva akatazama saa. "Mama, huyu si mzigo. Huyu ni kesi," akasema, akapandisha mbao zake akaenda.

Kariuki alisimama ameshika kamba. Ni mtu mrefu, fundi wa pikipiki, mikono haikosi oili. Tangu mazishi alikuwa amekonda hadi shati linamning'inia. Akasema, "Basi tutatembea."

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza. Nyinyi wa huku hamhitaji kuelezwa, lakini karatasi hii huenda ikasomwa na mtu wa mbali. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono. Hawali pamoja, hawalali nyumba moja, hawasogeleani, na jambo likiwepo wanapitisha kwa mtu mwingine. Si chuki. Ndiyo heshima yenyewe, na mimi nimeishika tangu dada zangu wakubwa waliponifundisha. Kariuki ni Mkikuyu, wazazi wake walihamia Trans-Nzoia zamani. Alijua kwamba mimi husimama mbali. Sababu sidhani aliijua vizuri. Miaka yote Nanjala ndiye alikuwa mdomo kati yetu. Sasa barabara ilikuwa mbele yetu na mdomo ule ulikuwa udongoni.

Kazi ya kumvisha Sajini viatu inataka watu wawili. Mmoja anainua mguu na kuukunja, mwingine anapangusa, anaingiza kiatu, anafunga mikanda na kutazama pande zote. Nanjala na mumewe walikuwa wakifanya hivyo pamoja. Asubuhi ile Kariuki aliinama peke yake, ukwato ameubana katikati ya magoti, akifunga kwa kupapasa. Mimi nilisimama kwenye ua na kifurushi changu. Aliinua macho mara moja akanitazama, kisha akaendelea.

Tulitembea yeye mbele na kamba, farasi katikati, mimi nyuma. Kwenye stendi ya bodaboda vijana walituona.

"Oyaa! Punda imevaa gambuti!"

"Si punda, bana, hiyo ni farasi."

"Farasi ya polisi? Mbona iko na mama wa kanisa?"

Mmoja akapita polepole na pikipiki yake akiangalia chini. "Mathe, mimi niko na patipati imekatika, na huyu amevaa viatu mbili mpya. Hii Kenya si ya mtu maskini."

Kariuki alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu tuzike. Sikujua kama nimfurahie au nimkasirikie.

Kiminini hadi Ndalu

Kwa kina Kariuki tulilala usiku wa kwanza. Mama yake alinipikia githeri, mahindi na maharagwe, yenye viazi na kabichi, akaketi karibu nami bila kusema mengi, na hilo nilimshukuru. Kaburi la Nanjala liko nyuma ya nyumba, karibu na ua wa miti ya michongoma. Asubuhi Kariuki alimpitisha Sajini pale. Nadhani sote wawili tulingoja afanye jambo. Nimesikia watu wakisema wanyama hutambua. Sajini alinusa udongo, akala majani yaliyoota pembeni, akajisaidia hapohapo. Mama Kariuki alichukua koleo akaondoa. Tukaondoka.

Kulikuwa na njia mbili. Lami ya Kamukuywa ni fupi zaidi, lakini malori hayamwachii mtu nafasi pembeni. Njia ya ndani ya Ndalu na Tongaren ni ya murram, udongo na kokoto, na mimi nina watu huko wa kutulaza. Nilimwambia mama Kariuki, naye akamwambia mwanawe: "Mama anasema mpite Ndalu." Kariuki alijibu kwamba viatu vinapenda lami kuliko mawe. Jibu likarudi kwangu kwa njia ileile. Nikasema Ndalu. Akakubali kwa sababu mimi ni mkubwa.

Tulifika sokoni Ndalu watu wakiwa wamejaa. Mara tulizungukwa. Mama mmoja wa mitumba alimwendea Sajini moja kwa moja, akachutama, akapima kiatu kwa kiganja.

"Hii ni namba ngapi?" akamuuliza Kariuki.

"Sijui namba, mama."

"Niambie tu, nikipata nyingine kwa belo nikuwekee. Na hii miguu ya nyuma, ati imekosa nini? Mmempendelea ya mbele!"

Watu wakacheka. Kariuki akawaeleza polepole kwamba uzito mwingi wa farasi hukaa mbele, na ya nyuma haiumwi. Mzee mmoja alitikisa kichwa akasema hajawahi kuona mnyama anayeumwa na ardhi. "Ng'ombe yangu ikiumwa na ardhi mimi nauza," akasema.

Usiku huo tulilala kwa binamu wa mume wangu. Niliomba nyumba mbili. Mke wake, Mama Rebeka, aliangalia Kariuki, akaniangalia mimi, akaelewa. Alimpeleka jikoni akamtandikia hapo. Alichinja kuku, akaniletea mimi nyama sebuleni na nyingine akapeleka jikoni. Baadaye akarudi akaninong'oneza, "Mkwe wako hajala. Amekaa na sahani anaitazama."

"Mwambie ale."

"Nimemwambia. Anasema anangoja wewe umalize kwanza, huenda utamwita."

Sikumwita. Ningemwitaje?

Ndalu hadi Tongaren

Hapa ndipo safari iliharibika, na iliharibika kwa sababu ya viatu.

Sehemu zile wizi wa mifugo umewachosha watu. Punda walikuwa wanapotea, asubuhi mwenye punda anakuta kichwa tu, ngozi hakuna. Wezi wa huko wana ujanja wao: wanamfunga mnyama magunia miguuni ili asiache nyayo. Mtu akifuata haoni kitu, anaona kama mtu ameburuta mzigo. Jambo hilo kila mtoto wa Tongaren analijua. Mimi pia nilikuwa nimelisikia, na halikunijia akilini hata kidogo.

Tulikuwa tumepita mashamba ya mahindi yaliyovunwa wanaume walipotoka pande mbili, wengine na rungu, mmoja na panga. Aliyekuwa mbele, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, alionyesha miguu ya Sajini.

"Mmefunga mnyama miguu. Mnaficha nyayo za nani?"

Kariuki akasema, "Hivi ni viatu, mzee. Anaumwa."

"Viatu! Nani ameona mnyama na viatu? Lugha yako tu inaonyesha wewe si wa hapa."

Nikasogea mbele. Nikawasalimu kwa Kibukusu, nikataja jina la baba yangu na la mume wangu, nikasema farasi ni wa binti yangu aliyekufa, nikatoa kitambaa kichwani waone nilivyonyolewa. Baadhi wakashusha rungu. Yule wa kofia hakushusha.

"Mama, pole kwa msiba. Lakini hata wezi wanafiwa. Vua hivyo vitu tuone nyayo. Tukiona nyayo za farasi, mnaenda."

"Akivuliwa hapa kwenye mawe ataumia," Kariuki akasema.

"Akiumia tutajua ni ukweli."

Sijasahau maneno yale. Kariuki alivua viatu. Mmoja akavichukua, akavigeuza, akavitupa pembeni kwenye mchanga. Wakamwambia amtembeze Sajini huku na huku barabarani. Kokoto za pale zimechongoka. Sajini alikanyaga, akashtuka, akakanyaga, akashtuka, kichwa kinapanda na kushuka. Alinyoosha miguu ya mbele mbali na mwili kama anayetaka kuiacha nyuma. Yule wa kofia alitazama mpaka akageuza uso.

"Basi, basi," akasema. "Mvishe. Bana, mvishe haraka."

Walitaka kusaidia, wote kwa pamoja, na hilo ndilo lilikuwa baya. Mmoja alileta kiatu kimejaa mchanga, mwingine akampa Kariuki kingine, wote wanaharakisha kwa aibu. Kariuki alikung'uta mara moja akaingiza. Mimi nilikuwa upande wa kushoto, nikaona. Ndani ya kiatu cha kushoto, nyuma, palibaki changarawe, na mkanda wa ndani ulikaa umepinda. Yeye alikuwa ameinama mbele yangu, macho yako kwenye mguu wa kulia, hawezi kuuona. Kati yangu na kiatu kile palikuwa na mgongo wake. Ningelazimika kuinama bega kwa bega na mkwe wangu, mbele ya wanaume wa ukoo wangu ambao nilikuwa nimetoka kuwatajia jina la baba yangu.

Nilifanya tunavyofanya mtu wa katikati akikosekana. Unasema na mtoto, au na mbwa, au na mti, na yule mwingine anasikia. Nilimshika Sajini shingo nikasema kwa sauti, "Sajini, baba, kiatu chako cha kushoto kimeingia mchanga. Mkanda umepinda. Wakutazame."

Mtu yeyote wa kwetu angegeuka palepale akatazama kiatu. Kariuki alisimama, akafuta mikono kwenye suruali, akaniangalia kwa huruma, akamvuta farasi tukaenda.

Tongaren hadi Naitiri

Nilirudia njiani. "Sajini, mguu wa kushoto unakuumiza, sema usimamishwe." Kariuki hakugeuka. Mara ya pili alipunguza mwendo kidogo kisha akaendelea. Nilifikiri ananisikia na anakataa. Nilijisemea moyoni kwamba huyu ndivyo alivyokuwa hata binti yangu alipokuwa anakohoa, anasikia na haendi. Nilimchukia kwa urefu wa barabara ile. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tulisimama kununua mahindi ya kuchemsha. Yeye alikula amekaa kwenye jiwe ng'ambo hii ya barabara, mimi ng'ambo ile. Muuza mahindi, msichana mwenye mtoto mgongoni, alikuwa anavuka na kurudi.

"Nyinyi mmegombana?" akaniuliza.

"Hapana. Ni mkwe wangu, mume wa marehemu binti yangu."

"Aa." Akaelewa mara moja. Kisha akasema, "Lakini farasi yenu inachechemea. Si mmwambie?"

"Nimemwambia farasi."

Yule msichana alicheka mpaka mtoto akaamka. "Na yeye ni Mkikuyu, nimemsikia anavyoongea! Mama, huyo anafikiri unaomboleza."

Nilikaa na hindi mkononi. Nilielewa, na bado sikuvuka. Nilimtuma yeye. Alivuka, akamwambia, nikamwona Kariuki akisimama ghafla akakimbilia mguu.

Alipovua kiatu palikuwa na damu. Changarawe ilikuwa imesaga kisigino, ngozi imetoka, nyama iko wazi kiasi cha sarafu. Kisha akavuka barabara akaja kusimama mbele yangu, karibu kuliko alivyowahi kusimama.

"Mama, ulijua?"

"Nilisema."

"Ulisema na nani?"

Akaniambia, na sauti haikuwa ya hasira, "Nilifikiri unaongea na Nanjala. Nikasema nisikuingilie."

Magari yalipita. Nilitazama chini, kama inavyotakiwa, nikaona mikono yake ina damu ya Sajini. Nikaweka hindi chini. Nikamwambia, si kwa farasi, kwake, "Lete maji."

Tuliinama pamoja. Mimi niliinua mguu, nikaukunja, nikaubana kwenye mapaja yangu kama nilivyomwona Nanjala akifanya. Yeye aliosha kidonda kwa maji ya chumvi. Nilitoa soksi yangu tukafunika kisigino, na muuza mahindi akatupatia kipande cha godoro alichokuwa anakalia, tukakata tukatandika ndani. Mikono yetu iligusana mara nyingi. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli aliposikia msichana akieleza, alishuka akatugeuzia kisogo mpaka tukamaliza, ili asiwe shahidi.

Naitiri hadi Misikhu

Sasa tulienda kwa utaratibu. Kila tulipopumzika tulivua viatu, tukakung'uta, tukapangusa, tukaacha miguu ipate hewa, kisha tukavisha upya, mimi nikitazama ndani na yeye nje. Hivyo ndivyo vinavyotakiwa kutumika. Kiatu kizuri kikiachwa mguuni na uchafu kinakuwa mtego.

Mvua ilitukamata, tukajibanza kwenye poshomili. Mwenye mashine alizima injini ili Sajini asiogope, na wateja wakalalamika.

"Ati unga ungoje farasi?"

"Ngojeni. Nyinyi mko na miguu mizima."

Alituletea chai kwenye kikombe kimoja, maana kingine kilikuwa kimevunjika. Nilikunywa nusu. Kariuki alinyoosha mkono, akasita. Nilimpa.

Mvua ilipoisha, Sajini hakutaka kutoka. Nilidhani ni kile kidonda. Kariuki alipapasa mguu wa kulia, ule mzima, kisha akachukua kiganja changu akakiweka juu ya ukwato. Ulikuwa wa moto kama sufuria.

"Alikuwa anaukwepa wa kushoto," akasema. "Uzito wote ameuweka huku."

Chini ya barabara kulikuwa na kijito. Tulimwingiza, maana maji baridi ndiyo dawa pekee tuliyokuwa nayo. Mama mmoja aliyekuwa anafua alipiga kelele, "Toeni mnyama kwa maji yetu! Mtoto wangu anakunywa hapa!" Kariuki alimwomba radhi. Nikamweleza habari yote, tangu hospitali. Alisikiliza na shati mkononi linadondoka maji. Mwisho akasema, "Basi mshusheni kule chini, mkae mpaka apoe. Nitaambia wengine wachote huku juu." Alituachia hata sabuni.

Tulisimama majini mpaka miguu yetu wenyewe ikafa ganzi. Kariuki alinieleza, bila mimi kumuuliza, jinsi Nanjala alivyokataa kwenda hospitali wiki ile ya mwanzo kwa sababu ilikuwa sikukuu na watoto walikuwa wengi. Alimbembeleza. Akamficha kamba ya farasi. Nanjala akaitafuta akaipata. Alipomaliza, nikamwambia mtoto wangu alikuwa mkaidi tangu tumboni. Sajini alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inagusa maji, hanywi.

Misikhu hadi Kanduyi

Kwenye lami viatu vilimsaidia kweli. Mpira ulipokea kishindo na hapakuwa na mawe. Lakini ule mguu wa kulia ulikuwa umeshaanza safari yake. Alitembea kidogo, akasimama, akaegemea nyuma, akatembea. Malori ya masafa marefu yalipiga honi. Mtu mmoja alisimamisha gari akatushauri tumuuze palepale, ana jamaa anayefuga mbwa na anatafuta nyama. Kariuki alimwambia aendelee na safari yake, na alimwambia vizuri.

Nyinyi mlituona kuanzia pale karibu na uwanja. Mtakumbuka tulisimama pembeni, mimi na Kariuki tumeinamia mguu mmoja, vichwa vimekaribiana, na shemeji yangu akajifunika uso kwa leso akasema, "Jamani, huyu mama msiba umemtoa akili." Sikuwa nimetokwa na akili. Nilikuwa natazama mkanda.

Tulimfikisha bondeni. Tulivua viatu, akaweka miguu kwenye ule udongo, kwa mara ya kwanza safari nzima hakushtuka. Alikula nyasi. Mume wangu aliniambia, "Mmefika." Na mimi nilidhani tumefika. Kisha Sajini alilala chini, na asubuhi hakuinuka.

Daktari wa mifugo alikuja, kijana mpole. Alipapasa kwa muda mrefu. Alituambia mfupa wa ndani ya ukwato wa kulia umeachia, umeshuka, karibu utoboe chini. Nikamuuliza kama ni kidonda.

"Kidonda chenyewe ni kidogo, mama. Lakini kilimfanya abebe mwili wote kwa mguu mmoja, na miguu hiyo ilikuwa mibovu tangu zamani."

"Na viatu?"

"Bila viatu hangetoka Kitale."

Tulijaribu. Dawa za maumivu, maji baridi, nyasi kavu za kulalia, kipande cha godoro chini ya kwato. Kariuki alilala jikoni kwa shemeji, akirudi bondeni kila kukicha. Sajini alijaribu kuinuka, na kila akijaribu alitoa sauti ambayo sikujua farasi anayo. Daktari aliporudi alisimama nasi pale nyasini. Akauliza mnyama ni wa nani, nani anaamua.

Wazee wa boma walikuwepo. Mume wangu alikuwepo. Wote walinitazama mimi, kwa sababu binti aliniomba mimi. Nilifungua mdomo na nikaona nimemgeukia Sajini, kama nilivyozoea, niseme naye. Nikaacha. Nikamgeukia Kariuki, nikamtazama machoni mbele ya wote.

"Kariuki, mwanangu. Wewe unasemaje?"

Alimtazama Sajini, kisha mimi. "Mama, tumpumzishe."

"Haya," nikamwambia daktari.

Alipotoa sindano, wazee walirudi nyuma kidogo. Mimi nilikaa chini nikashika kichwa cha Sajini, nikakiweka mapajani. Kariuki alipiga magoti kando yangu akashika mguu wa mbele wa kulia kwa mikono miwili, akaukunja taratibu kama wakati wa kuvisha, na akaendelea kuushika hata daktari alipomwambia kwamba sasa anaweza kuuachia.